Maji Kwanza, Salamu Baadaye

Mwalimu alikuwa hamsalimii mtu kabla hajanusa maji. Uwe padri, uwe ofisa wa wilaya, uwe mimi mwenye jengo, utasema shikamoo na shikamoo yako itabaki inaning'inia kama nguo iliyosahaulika kambani. Atapita mbele yako, atainua mfuniko wa kioo cha samaki, atachota kwa kikombe chake cha bati, atanusa huku amefumba macho. Akiridhika ndipo atageuka na kusema, "Marahaba." Akinusa mara ya pili, sebule nzima tulikuwa tunaacha vikombe vya chai mezani na kumtazama.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa Mbinga wanamsimulia nusunusu. Kuna wanaosema alikuwa mganga wa samaki. Kuna wanaosema alikuwa kibarua wangu. Hakuwa kibarua wa mtu. Nilijaribu kumwajiri, akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kemia, mtu wa Tanga, serikali ilimleta huku akiwa kijana, akaolewa na Mnyasa wa Mbaha, akafiwa, akabaki. Kiswahili chetu cha bara kilimchekesha mpaka mwisho. Nikisema neno vibaya alikuwa analirudia taratibu, kama mtu anayeokota kitu kilichoangushwa.

Mimi sikusoma kwake. Niliishia darasa la saba kule Namswea, na hilo la saba lenyewe nililimalizia juu ya magunia ya kahawa. Nilibeba magunia, nikawa utingo, nikawa dereva, na leo malori yenye jina langu ubavuni yanashuka Mtwara na kahawa na kupanda na saruji. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba ya wageni niliyojenga mjini Mbinga naijua tofali kwa tofali, na sebuleni mwake niliweka bahari.

Sisemi bwawa. Nasema bahari, maji ya chumvi, kwenye kioo kirefu kama kaunta ya baa. Ya kwanza niliiona Dar es Salaam, ofisini kwa mtu aliyenikalisha asubuhi nzima nikimsubiri. Nikawatazama samaki wake, nikasema moyoni: huyu ana bahari mezani na bahari yenyewe iko mtaa wa pili, mimi nitaipeleka mahali ambapo haijawahi kufika. Samaki na matumbawe laini nilivipata kwa mfugaji, kwa kibali. Maji yaliletwa na lori langu likirudi kutoka Mtwara, kwenye mapipa mapya ambayo hayakuwahi kubeba kitu kingine. Aliyeyaleta tangu safari ya kwanza ni Ndunguru, dereva wangu wa kwanza kabisa, tuliyekuwa naye tangu nina lori moja bovu. Huyu Ndunguru mkumbuke.

Jumapili baada ya misa watu walikuwa wanakuja kutazama. Bibi mmoja wa Tingi alichovya kidole, akakilamba ahakikishe kama ni chumvi kweli. Mwalimu alimwona. Sidhani kama yule bibi amesahau.

Lakini nilipomfahamu Mwalimu, bahari yangu ilikuwa inakufa. Alikuja kunywa chai na wastaafu wenzake, akakuta samaki mmoja ameelea ubavu na maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Nilikuwa na chupa tano za dawa zimepangwa juu ya kioo.

"Umetia nini humu?"

"Dawa, Mwalimu."

"Ya nini?"

"Hii ya kung'arisha, hii ya harufu, ile ya kuua ukijani."

Akazichukua chupa, akasoma maandishi yake yote hadi yale madogo. "Na mgonjwa ni nani?"

"Maji."

"Mgonjwa ni wewe, una haraka. Samaki hawa wanakufa kwa mikojo yao. Umejenga nyumba ya wageni, ukajaza wageni, ukasahau choo."

Wastaafu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia malori yangu yanatembea bila mtu kunifundisha. Akasema, "Lori likifa unalivuta gereji, Tajiri. Hawa utawavuta wapi?" Tangu siku hiyo akaniita Tajiri, na sikuwahi kujua kama ananisifu au ananichapa.

Kesho yake alikuja na kikombe cha bati.

Tukatoa dawa zote. Akamtuma Ndunguru Mtwara alete mawe ya matumbawe yaliyokufa miaka mingi, kutoka ukuta wa nyumba iliyobomolewa, tukayasugua na kuyaloweka mpaka mikono ikachubuka. Tukatandika mchanga. Chini ya kioo kikubwa tukaweka kingine kidogo chenye mwani na taa yake, maji yawe yanashuka huko na kupandishwa na pampu. Halafu akapiga marufuku samaki mpya. Nikauliza tunasubiri nini. Akasema tunasubiri vijidudu viote juu ya mawe. Nikamwambia mimi sioni kijidudu chochote.

"Wewe Mmatengo gani?" akaniuliza. "Kwenye yale mashimo ya ngoro zenu mnafukia nini?"

"Majani."

"Yanakwenda wapi?"

"Yanaoza, Mwalimu. Mahindi yanakula."

"Nani anayaozesha, ulishamwona?"

"Hapana."

"Na mahindi umekula. Basi mchanga huu na mawe haya ndiyo ngoro. Uchafu wa samaki ndio majani. Visivyoonekana vinaozesha, mwani unakula, konokono na kaa wanaokota makombo. Wewe ulikuwa unamwagia sumu shamba lako mwenyewe kila Ijumaa, halafu unashangaa njaa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikisema nimeelewa nimeelewa. Mpaka leo mtu akija na digrii yake nikamweleza kwa njia ya ngoro, anatoa simu aandike.

Usidhani aliichukia kemia. Aliifundisha maisha yake yote. Alichochukia ni kuiita kabla ya wakati wake. Pembeni alikuwa na mfuko wa mkaa maalum, punje nyeusi ndogo kama mtama, nilioagiza Dar. Siku moja mkaa huo ulipoisha nilichukua wa jikoni nikausaga kwenye kisahani, nikawa tayari kuutia. Akanishika mkono juu ya maji.

"Huo ni wa chapati."

"Mkaa si mkaa, Mwalimu?"

"Huo una majivu. Huu mwingine kila punje ina vyumba vingi kuliko nyumba yako ya wageni. Harufu inaingia, rangi inaingia, sumu nyingine inaingia. Vyumba vikijaa, basi, unautoa. Ukiuacha humo umeweka kifusi." Akauachilia mkono wangu pale tu nilipogeuka kukirudisha kile kisahani jikoni.

Palikuwa pia na mtambo wa povu, unaopuliza hewa ndani ya maji mpaka uchafu unapanda juu na kumwagika kwenye kikombe chake. Kikombe kile kilikuwa kinatoa maji meusi yenye harufu ya soko la samaki saa tisa alasiri. Mgeni akisifu bahari ilivyo safi, Mwalimu alikuwa anamletea kile kikombe puani. "Na hii je, utaisifu?" Nilipoteza wageni kadhaa namna hiyo. Wengine niliwapoteza kwa sababu ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Jiko langu lilikuwa karibu na sebule, na usipa wa kukaanga ndio ulioleta watu jioni. Mwalimu akapitisha karatasi nyeupe juu ya maji, ikatoka na mafuta. Akasema moshi wa kikaango unatua juu ya bahari na kuizuia kupumua. Nikasema sihamishi jiko. Hakubishana. Alivuta kiti akakaa mbele ya kioo, akampa mgongo kila aliyeagiza usipa, jioni baada ya jioni, mpaka watu wakawa wanaagiza kwa kunong'ona. Jiko nililihamisha.

Na mtu huyu huyu aliyehubiri maji yanayojisafisha, kwake nyumbani alikuwa anachemsha maji ya kunywa, anayachuja kwa kitambaa, halafu anayatia kidonge cha klorini. Nilimkuta nikamuuliza kulikoni. "Mimi si samaki," akasema. Alikataza samaki kupewa majina, maana ukimpa jina utamlisha kupita kiasi. Lakini kulikuwa na kamba mmoja mwekundu mwenye ndevu ndefu, aliyekuwa anazunguka kwenye mawe akikagua kila shimo, na Mwalimu akidhani yuko peke yake nilimsikia akisema, "Mkaguzi, leo umeona nini?" Alizaliwa kando ya bahari na hakuwahi kurudi hata kutembea. Nilimwambia apande lori na Ndunguru siku moja, atashuka Mtwara, atanawa miguu. Akasema bahari anaiona hapa na haimtapishi njiani.

Mchana mmoja wa mvua umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Pampu zikanyamaza. Hujui ukimya mpaka uzisikie pampu za bahari zikinyamaza. Samaki wakapanda juu wakawa wanafungua midomo. Sebuleni kulikuwa na ofisa wa kilimo, mtu wa Shinyanga aliyehamishiwa kwetu, na wafanyabiashara wawili wanaosubiri mvua ipite. Mwalimu akawagawia majagi ya juisi.

"Chota, inua juu, mwaga. Hewa iingie."

"Mama, mimi ni mgeni tu," ofisa akasema.

"Na wao ni wageni. Mwaga."

Alimwaga mpaka shati lilimshika mgongoni. Kila akipunguza kasi, Mwalimu anamuuliza kule Shinyanga alilelewa na nani. Umeme uliporudi yule ofisa alikaa chini, halafu akacheka peke yake. Baadaye alikuwa anakuja kila wiki, na kabla ya kuagiza kitu anauliza kama samaki wanapumua.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupima. Unatia maji kwenye kichupa, unadondoshea dawa ya kupimia, unatikisa, rangi inabadilika. Miaka ya mwanzo alizisoma mwenyewe, haraka, kama mtu anayesahihisha daftari. Baadaye akaanza kuniinulia mimi kichupa.

"Hii rangi ipi?"

"Njano, Mwalimu."

"Njano gani?"

"Ya ndizi iliyoiva."

"Haya. Na hii?"

Nikajua ameniona. Kati ya wanafunzi wote aliowafundisha, madaktari wakiwemo, alinichagua mimi wa darasa la saba nimsomee rangi. Nilitangaza mjini. Nilimwambia hata padri.

Sasa nifike kwenye yale ambayo watu wanayasimulia nusu.

Ilikuwa majira ya kupulizia kahawa. Kila nyumba yenye mibuni ilikuwa na mrututu, dawa ile ya buluu ya shaba tunayopigia ugonjwa wa chulebuni, na mjini kila ulipopita uliona mikono ya watu imechorwa buluu hadi viwiko. Asubuhi moja nikaingia sebuleni nikakuta konokono wameanguka kwenye kioo, wamelala chali mchangani. Kiti cha pweza, yule mwenye ncha tano kama nyota, kilikuwa kimejikunja, ncha moja imelainika kama mshumaa karibu na moto. Mkaguzi alikuwa chini ya jiwe, ndevu zimetulia. Na samaki? Samaki wanaogelea kama hakuna msiba.

Mwalimu alikuja, akanusa. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu, na mara ya tatu hatukuwahi kuiona.

"Samaki wazima, konokono wamekufa," akasema. "Hii ni shaba."

Mbinga nzima ilijua shaba inatoka wapi majira hayo, na sebule nzima ikamgeukia Ndunguru. Wiki hiyo alikuwa ameleta mapipa mapya ya maji, na kabla ya hapo lori lake lilikuwa limepakia maboksi ya mrututu ya chama cha wakulima. Nilisimama katikati ya watu, sauti yangu mnaijua. Nikaapa kwamba aliyeharibu bahari yangu hatakanyaga tena sebule hii maisha yake yote, na akiwa mwajiriwa wangu aweke funguo mezani sasa hivi.

"Bosi, mapipa nimeyafunga mwenyewe," Ndunguru akasema.

"Lori lilibeba dawa."

"Lilibeba safari ile nyingine. Nimeliosha. Na mapipa hayakuwemo."

"Shaba imetembea kwa miguu kutoka shambani?"

"Mimi sijui imetembeaje. Najua mapipa yangu."

"Funguo, Ndunguru."

Mwanamume mzima, ana mtoto chuoni, ana mke anayelima na mke wangu. Akaziweka mezani polepole, zisitoe sauti, akatoka. Mwalimu alikuwa ameinama kwenye beseni akiosha mkaa, na hakuinua uso.

Tulifanya kazi mimi na yeye. Tukatoa sehemu ya maji, tukatia ya akiba ya zamani, tukaweka mkaa mpya na chembechembe nyingine maalum zinazovuta shaba. Alisema mwani na vijidudu hapa havina uwezo, shaba hailiwi, inavutwa tu. Nilimngojea anikumbushe jinsi alivyonizuia kutumia dawa. Hakukumbusha. Mikono yake ilikuwa inatafuta vitu mezani kwa kupapasa, na mimi nikaona ni uchovu.

Siku ya pili yake akasema tupime maji yaliyobaki kwenye mapipa ya Ndunguru. Kipimo cha shaba ni rahisi: kikibaki njano, hakuna, kikielekea buluu, ipo. Nikainua kichupa.

"Rangi ipi?"

"Njano."

"Pipa la pili?"

"Njano. Yote njano, Mwalimu."

Akatoka nje akarudi na ndoo yake nyeupe yenye kitambaa chekundu mpinini. Hii nieleze. Bahari ya kwenye kioo hupungua kwa kukauka, na kinachokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji baridi, yasiyo na chumvi. Ya bomba yana klorini, basi Mwalimu alikuwa analeta ya mvua kutoka kwake, kwenye ndoo hiyo, na sheria yake ilikuwa kwamba chombo chenye kitambaa chekundu hakiguswi kwa kazi nyingine hata kama nyumba inaungua. Akamimina maji kidogo ndani, akasuuza ukingo, akajaza kichupa, akadondoshea dawa. Akanipa.

"Soma."

Sikuhitaji hata kukiinua. "Buluu."

"Una hakika?"

"Mwalimu, hata kipofu angeona."

Pampu zilikuwa zinaguguma. Akavuta kiti akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mimi naona chai," akasema. "Chai ya rangi."

Akanieleza. Kijana anayempalilia kahawa yake alikosa chombo cha kukorogea mrututu. Akaiona ndoo safi yenye mfuniko, akakoroga, akasuuza, akarudisha kitambaa kama alivyokikuta, kwa heshima kabisa. Chini ukabaki ukoko. Mtu yeyote wa Mbinga angeuona. Mwalimu aliuona mweupe mchafu, akadhani ni chokaa ya mabati, akakinga mvua juu yake, akaibeba hadi kwangu.

"Macho tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nilipoanza kukuuliza rangi."

Angeweza kuitupa ndoo ile kwenye korongo nyuma ya nyumba yake na hakuna mahakama ingeijua. Aliileta, akanifanya niisome kwa mdomo wangu.

"Mpe Ndunguru funguo zake," akasema.

"Nitampa leo. Na tutasema ni mvua. Mabati yalikuwa na kitu."

"Uliapa mbele ya watu. Mimi nilikuwepo."

"Nilimwapia mtu mzembe, Mwalimu, sikukuapia wewe."

"Ulimwapia aliyeharibu."

Nikamwambia abaki, nikamwambia jengo ni langu na kiapo ni changu, nakifuta. Akasema kiapo si deni la baa. Alienda kwenye kioo, akaweka kiganja pale Mkaguzi alipozoea kutembea, akakiacha kikombe cha bati juu ya mfuniko, akatoka. Hakunusa.

Wiki iliyofuata nikasikia ameshuka Mbaha, kwa watu wa marehemu mume wake, kando ya ziwa. Ndunguru alirudi kazini siku ile ile ya ndoo. Kuhusu funguo tuliongea kidogo, wanaume hawaongei sana mambo hayo. Alisema tu, "Angenyamaza, bosi, ningekuwa wapi sasa?"

Sebule ilibaki na samaki. Konokono sikuingiza. Nilibadilisha mkaa, nilipima kila Jumamosi, nilisoma mwenyewe, na kwa kweli nilikuwa nasoma vizuri. Jumamosi moja kikatoka njano. Iliyofuata, njano tena. Nikawaambia watu bahari imepona na nimeiponya mimi. Nikajaza chupa maji ya sebuleni, nikachukua kipimo na kile kikombe, nikamwambia Ndunguru tushuke ziwani.

Tulimkuta barazani anachambua usipa waliokauka, ameketi kwenye kiti cha plastiki, bandeji ndogo imebaki pembeni ya jicho moja. Walikuwa wamemtoa mtoto wa jicho upande huo. Ndunguru alibaki kwenye gari barabarani. Nikasema shikamoo, nikajiandaa isubiri, maana nilikuwa nimeshika chupa. Ikasubiri. Mwalimu alikuwa anatazama ziwa.

"Ni buluu, Tajiri," akasema. "Nilikuwa sijui kwamba nimelipoteza. Kwa jicho hili ni buluu." Akalifumba kwa kiganja. "Kwa hili ni chai." Akafumbua, akafumba tena, kama anayewasha na kuzima taa ajiridhishe fundi hakumdanganya.

"Nimekuja kukuchukua," nikasema. "Maji yamepona."

"Nani kasema?"

"Nimepima mimi."

"Lete."

Akafuta mikono kwenye kanga, akajaza kichupa, akadondoshea dawa, akatikisa. Akakisimamisha mbele ya ukuta mweupe.

"Rangi ipi?"

"Njano, Mwalimu."

"Njano gani?"

Nikaangalia. Niliangalia sana. "Ya ndizi."

"Iliyoiva?"

Nikainama karibu na kichupa kama mtoto aliye ubaoni. "Ambayo haijaiva sawasawa," nikasema.

"Kuna ukijani. Njano ikichanganyika na nini inakuwa kijani?"

Hakunisaidia. Chini ziwani mtu alikuwa anapiga kopo kuwafukuza ndege kwenye usipa wake.

"Buluu," nikasema.

"Bado imo. Mawe yaliinywa shaba siku ile, sasa yanaitema kidogo kidogo. Ungeingiza konokono leo ungewaua." Akakiweka kichupa chini.

Watu nilikuwa nimeshawatangazia. Nilitazama barabarani, gari langu, Ndunguru ameegemea mlango. "Kwa hiyo huji," nikasema.

"Yangekuwa mazima nisingekuja. Ungenikalisha pale kama wale bibi wa baada ya misa, nitazame, nisifu." Akaanza kukusanya usipa kwenye ungo. "Sasa kuna kazi. Yale mawe yatolewe moja moja yapimwe."

"Na kiapo?"

"Kiapo kilimnyang'anya mtu funguo kwa kosa langu. Hilo siongei na wewe."

Akampa mtoto wa nyumba ungo, akaingia ndani, akatoka na mfuko na viatu vya kufunga. Nikammiminia maji ya chupa kwenye kikombe chake cha bati, nikampa. Akakipokea. Nilingoja akiinue puani. Hakukiinua. Akashuka baraza na kikombe mkononi, akakibeba usawa ili kisimwagike, akatembea hadi kwenye gari.

Ndunguru alimwona akija, akasimama wima, akafungua mdomo. Mwalimu akamtangulia.

"Ndunguru, hujambo, baba?"

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Funguo unazo?"

Akazitoa mfukoni akamwonyesha.

"Nikirudi kule sebuleni, itakuudhi?"

Ndunguru alitazama chini, halafu akatazama kile kikombe. Alikuwa na haki ya kukaa hivyo hata mpaka jioni, na mimi nisingekuwa na la kusema. Akafungua mlango.

"Kaa mbele, Mwalimu," akasema. "Nyuma kuna vumbi."

Akapanda, akatengeneza kanga, akakaa vizuri. Ndipo akanusa maji.